Namba Kumi ni Baba Mkwe

Berea, Johannesburg
Jumamosi, saa nne asubuhi

Kwako mke wangu Mwanaidi,

Pokea salamu za mumeo, na Mwenyezi Mungu akupe subira ya kuisoma barua hii mpaka mwisho kabla hujaichana. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio sijui niuelezeje. Mwanetu Saumu hajambo? Jino lake la mbele limeshaota, au bado anacheka na pengo? Na Bibi, ule mguu wake bado anaukanda kwa mafuta ya nazi? Huku baridi imeingia kwa hasira. Asubuhi nyasi zina barafu, na vidole vyangu havishiki mashine ya kunyolea mpaka nivipashe kwenye kikombe cha chai.

Utashangaa kuona karatasi. Lakini simu yako, mke wangu, si simu, ni redio ya nyumba. Nikikutumia sauti, Bibi anasikia, Saumu anasikia, na wapangaji wa uani wanasikia. Maneno ya leo sitaki Bibi ayasikie hivyo, maana yanamhusu mwanawe, ba'mdogo wako. Mama Zuhura amemaliza kununua mablanketi yake Fordsburg na Jumanne anapanda basi la kurudi nyumbani. Nimemwomba aitie barua hii mkononi mwako wewe, si mwa mtu mwingine.

Leo ni siku ya tisa hupokei simu yangu. Neno lako la mwisho ninalo bado: "Ukimtoa ba'mdogo kwenye timu, usinipigie." Nimeirudia sauti hiyo mara nyingi nikitafuta kama kuna mzaha ndani yake. Sikuupata. Umbea ulikufikia kabla yangu, na wala siulizi ulipita wapi. Watu wa Tanga huku si wengi, lakini midomo tunayo ya kutosha mji mzima.

Sasa nisikilize na mimi. Nakuandikia nikiwa kwenye kiti changu cha kinyozi hapa Joubert Park, kati ya mteja na mteja. Ukiona mwandiko umepinda, ujue kuna mtu ameingia.

Timu yetu ina jina lake la karatasini, lakini watu wote wanaiita Kufuli, kwa sababu haifunguki. Mechi sita za kundi tumefungwa magoli mawili tu. Sisemi ili nijisifu, ingawa mimi ndiye kapteni, na beki wa kati, na kwa kuwa hakuna mwingine anayetaka lawama, kocha. Siri ya ulinzi wetu ni utani. Kipa wetu Chande ni Mzaramo wa Dar. Beki mwenzangu Maganga ni Mnyamwezi wa Tabora. Hao ni watani tangu enzi za mababu, na wakiwa uwanjani hawanyamazi hata dakika moja. "We mbeba mizigo, umelala? Mtu huyo kulia kwako!" "Nyamaza, Mzaramo, rudi ngomani kwenu, nimemwona!" Wanatukanana mpaka refa anatia mkono mfukoni kutafuta kadi. Lakini kila tusi lina habari ndani yake: nani kapita, nani kabaki, mpira uko wapi. Mshambuliaji akiingia katikati ya matusi hayo, hatoki na mpira.

Shida iko mbele. Hatufungi. Mechi sita, magoli matatu, na moja kati ya hayo walijifunga wenyewe. Kesho ni mechi ya mwisho, tunacheza na Wamalawi. Tukishinda tunaingia hatua ya mtoano, mara ya kwanza tangu timu ianze. Tukitoka sare tunakunja jezi mpaka mwakani.

Na mtu anayetakiwa kutengeneza magoli, namba kumi wetu, ni baba yako mdogo.

Usidhani nimesahau yeye ni nani. Marehemu baba yako alipotangulia, yeye ndiye aliyekuwa walii wako. Yeye ndiye aliyenishika mkono pale msikitini akaniozesha, na mkono wangu ulikuwa unatetemeka hata akaubana ili watu wasione. Yeye ndiye aliyenipokea Park Station nikiwa na begi moja na koti la kuazima. Mwaka wa tatu huu tunakaa chumba kimoja, ghorofa ya sita, lifti haifanyi kazi, tumegawanywa na pazia, yeye dirishani na mimi mlangoni. Unajua tulivyolelewa. Mkwe haangaliwi usoni. Mkwe hakatizwi neno. Mbele ya mkwe hutoi meno yote ukicheka. Miaka mitatu ninamwandalia chakula nikiwa nimeikazia macho sahani.

Basi wenzangu nao wakanifuata. Kwa kuwa ni mkwe wangu, timu nzima inamwita Baba Mkwe, hata Wakristo, hata wasiojua Tanga iko upande gani. Ungewasikia uwanjani ungecheka mpaka ukae chini. Nyuma huku ni matusi ya utani; mpira ukivuka katikati na kumfikia yeye, mdomo wote unafungwa. Mtu yuko peke yake mbele ya goli, badala ya kupiga kelele "lete!" ananyoosha kidole kama mwanafunzi: "Samahani Baba, nipo hapa, ukipenda." Mpaka amalize, Baba kashanyang'anywa.

Na kila pasi anapiga kulia. Kulia, kulia, kulia. Winga wetu wa kushoto ni Dezire, kijana wa Kirundi anayeuza vifuniko vya simu karibu na stesheni, mwepesi kuliko sisi wote. Anasimama kule kushoto mikono kwapani. Wiki iliyopita alinifuata. "Kocha," akaniambia, "mimi huku niko na baridi tu. Ule muzee ananichukia juu ya nini? Nimemufanyia kitu?"

Nadhani ni uzee, Mwanaidi. Hajafika arobaini, lakini kazi ya kuchomelea mageti na vyuma vya madirisha inamla. Siku hizi akimimina chai, inamwagika pembeni ya kikombe. Mlango wetu anaugonga kwa bega la kushoto kila akiingia. Kuvuka barabara anageuza shingo nzima kama mtu aliyelalia mto vibaya. Mimi nafuta chai, nanyamaza. Utamwambia nini mkwe?

Hapa kinyozini wiki mbili hizi hakuna maneno mengine. Maganga anasema gari lenye breki nzuri peke yake haliendi popote, tubadilishe dereva. Chande anabisha: tumefika hapa kwa ulinzi, na ulinzi wetu umezoea namba kumi anayeshika mpira polepole, tukimweka mtu wa mbio mbio pale katikati, atapoteza mipira na sisi nyuma tutakimbizwa kama kuku. Mteja mmoja, Mkongomani mtu mzima, alikuwa na sabuni usoni. Akafungua jicho moja akasema, "Chofere mupya haongeze mafuta." Wakambishia yeye pia.

Mwishowe waliniangalia mimi. Nikasema Dezire ataanza namba kumi. Nilisema haraka, nisipate nafasi ya kujifikiria.

Ikabaki nani amwambie. Mimi siwezi kusimama mbele ya mkwe nikamwambia huchezi. Basi tukafanya kama inavyofanywa: tukatuma mshenga. Jana baada ya sala ya Ijumaa Chande alikuja kwetu na kanzu, kofia, na pakiti ya tende, akapita mbele yangu kana kwamba hanijui, akaingia nyuma ya pazia. Mimi nikabaki upande wangu nakunja nguo zilizokwisha kunjwa. Nilisikia kila neno.

"Baba," Chande alisema, "jembe likilima sana, mwenye shamba hulipumzisha. Si kwamba limechakaa, la hasha. Jembe zuri halichoshwi siku moja."

"Kweli kabisa, mwanangu," mkwe akajibu.

"Na vijana nao waguse udongo."

"Waguse, waguse. Tutawazuia mpaka lini?"

Wakala tende, wakaombeana dua, Chande akatoka ananikonyeza. Kule ngazini aliniambia, "Imekwisha hiyo. Kaelewa, tena katabasamu. Mtu mzima yule."

Nimelala usingizi wa kwanza wiki hii. Kwa hiyo usiseme nilimvunjia heshima baba yako mdogo. Nilimtumia mshenga, na amepokea. Kesho nitakuandikia tulivyoshinda, inshallah. Mteja ameingia.

Jumatatu, mchana

Mwanaidi, hakuelewa.

Nilifika uwanjani jana saa tatu na nusu, Wamalawi wanapasha misuli, vumbi limeshaanza. Mkwe alikuwa ameketi kwenye tofali anafunga kamba za daluga. Kofia ya sufi imeshuka mpaka kwenye nyusi. Mgongoni, namba kumi.

Aliponiona akasema kwa furaha, "Athumani, nimelitafakari sana lile neno la jembe. Chande ana hekima. Leo sitakimbia ovyo. Nitakaa katikati, nigawe mipira, vijana ndio wakimbie."

Nilimtafuta Chande kwa macho. Chande alikuwa ameinama kabisa, anatengeneza glavu ambayo haikuwa na tatizo lolote. Maganga ameangalia mawingu, na mawingu hayakuwepo. Dezire alikuwa ameshavua koti, chini ana jezi isiyo na namba, anaruka ruka. Refa akaita makapteni.

Nikamwendea. Nikaangalia daluga zake. Nikasema, "Baba, leo hutaanza. Dezire ndiye atakayecheza kumi."

Nilisikia mtu akipenga kamasi upande wa Wamalawi. Halafu mkwe akasimama, akaivua ile jezi taratibu, akaikunja mara mbili kama unavyokunja wewe kanga, akanipa. Akasema, "Ungeniambia chumbani, mwanangu." Basi. Akavaa koti lake la kazini lililotobolewa na cheche akaenda kusimama pembeni ya mstari, peke yake, upande wa mbali na benchi.

Wallahi nilitamani anipige.

Mpira ukaanza, na Chande alikuwa kasema kweli kule kinyozini. Dezire alikuwa moto. Alipata mpira akawapita wawili, watatu, watu wakashangilia, wa nne akamnyang'anya. Na akinyang'anywa, sisi nyuma tuko wazi, kwa sababu wote tumeshapanda mbele kumtazama. Mara ya kwanza Maganga aliokoa. Mara ya pili mimi. Mara ya tatu mtu wao mmoja mrefu akapita katikati yangu na Maganga na kumtungua Chande pembeni kabisa. Kufuli likafunguka mbele ya watu wote. Chande akamfokea Maganga, Maganga akajibu, na kwa mara ya kwanza tangu niwajue haikuwa utani. Walishikana jezi. Ilibidi niingie katikati.

Mapumziko tulikuwa nyuma kwa moja bila. Tulikula machungwa. Nilijua kila mmoja anafikiria lile jembe. Nikamwangalia Dezire, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kocha, pale katikati ninahangaika. Kule pembeni nako, ukinitoa, hapana mutu wa kunipa." Alikuwa sahihi, lakini sikujua nifanye nini na usahihi wake.

Kipindi cha pili kilikuwa hivyo hivyo. Zikabaki dakika kama ishirini. Beki wa Wamalawi akaubutua mpira nje, ukatoka kwa nguvu ukiambaa na mstari, moja kwa moja kuelekea alikosimama mkwe, ukimjia upande wake wa kushoto. Nikapiga kelele. Mtu yeyote angeinama. Mtu yeyote angeinua mkono. Yeye alisimama tu. Mpira ukampiga shavuni, kofia ikaanguka, akayumba. Hakuwa amepepesa hata kope.

Nilimkimbilia. Na kwa sababu kofia ilikuwa chini na yeye alikuwa ameshika shavu, na mimi nilikuwa nimeogopa, nilifanya jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nikuoe. Nilimwangalia usoni.

Jicho la kushoto lina ukungu, Mwanaidi. Kiini chote. Limekaa pale lakini halimwangalii mtu.

Nilikumbuka chai. Nikakumbuka mlango, na shingo, na zile pasi zote za kulia. Dezire na baridi yake. Vyote vilinijia kwa pamoja nikiwa nimeshika mpira wa kurusha, na refa ananipulizia kipenga niharakishe.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Kabla ya Ramadhani. Chuma kiliruka." Alikuwa anatafuta kofia kwa mkono. "Usimwambie Mama."

Sikuwa na mahali pa kuweka hasira yangu. Nilijikasirikia mimi, nikamkasirikia yeye, nikakukasirikia hata wewe na Tanga nzima. Miezi mingi analala hatua tatu kutoka kwangu! Angekuwa Maganga, Chande angelijua jicho lile siku ya kwanza. Angemwita chongo mbele ya watu, wangecheka, wangegombana, na kabla ya jua kutua angekuwa kwa daktari. Lakini yule alikuwa mkwe. Tulimheshimu mpaka hakuna aliyemwona.

Halafu likanijia jambo la mpira. Nilimwambia, "Baba, vua koti. Ingia ucheze winga ya kushoto. Ambaa na mstari. Mstari ndio uwe upande wa jicho bovu. Uwanja wote utakuwa kulia kwako."

Akaniangalia kwa jicho lake moja. "Unanitania?"

"Sikutanii. Vua koti."

Nilimtoa mshambuliaji mmoja, nikampa mkwe jezi yake. Nikawakusanya wenzangu haraka nikawaambia, "Jicho lake la kushoto halioni. Leo hakuna Baba Mkwe. Mwiteni kwa jina, na mpige kelele." Waliniangalia kama nimetukana msikitini.

Dakika mbili tatu hakuna aliyethubutu. Alipata mpira, mtu wao akamjia kwa nyuma, wenzangu kimya. Basi nikapaza sauti yangu yote, na ninakuomba radhi wewe na Bibi na ukoo wenu mzima: "Bakari! Mtu nyuma yako! Achia!" Akaachia. Na alikuwa anacheka. Sijawahi kumwona akicheka vile. Kuanzia hapo kila mtu alipata mdomo. "Bakari, lete!" "Bakari, geuka!" Chande kutoka golini kwake, mshenga yule yule wa tende, akapiga kelele, "We mzee, piga mpira huo, unausomea dua?"

Akapiga. Krosi ndefu, imepinda vizuri, moja kwa moja mpaka kwa Dezire aliyekuwa anakuja katikati kwa mbio zake zote. Hakuhitaji hata kuusimamisha, akafunga. Moja kwa moja. Mrundi yule alikimbia mpaka kule pembeni akamnyanyua mkwe wangu kama gunia la unga.

Ningependa kukuambia tulishinda. Dakika ya mwisho Bakari, yaani baba yako mdogo, alimpenyezea Maganga, Maganga akapiga, mpira ukagonga mwamba na kurudi uwanjani. Refa akapuliza. Moja kwa moja. Sare. Wamalawi wameingia mtoano, sisi tumekunja jezi.

Leo hapa kinyozini wanabishana bado. Maganga anasema tungembadilisha mapema. Chande anasema tusingembadilisha kabisa, tungemhamisha tu upande. Mkongomani amekuja kunyoa ndevu zisizokuwepo ili asikose mjadala. Mimi nimechoka. Nimewaambia wanaonyolewa watulize vichwa.

Tulipokuwa tunarudi jana mchana, tulifika kwenye robot kubwa, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, pale chini kabla ya kupanda Berea. Taa ikawa ya kwetu, teksi moja ikapita kwa nguvu kutoka kushoto kana kwamba taa haziihusu. Mkwe alikuwa ameshatia mguu barabarani. Nilimvuta koti. Alinyoosha mkono akanishika mkono wangu, akaubana, kama alivyoubana siku ile mbele ya watu. Safari hii wa kutetemeka ulikuwa wa kwake. Tukavuka hivyo. Hatukuachiana mpaka ghorofa ya sita.

Asubuhi ya leo tumekwenda hospitali ya macho, tumepanga foleni tangu alfajiri. Kile chuma kilipoingia alijiosha kwa maji ya waridi akavaa kofia, akaendelea na kazi, kwa sababu fundi wa jicho moja hapewi geti la kuchomelea. Daktari, mama mmoja mpole, amesema la kushoto tumelichelewesha, halitarudi. La kulia ni zima kabisa. Lakini amesema moto wa kuchomelea uishe leo. Amemwandikia wiki mbili za kupumzika. Mkwe amezikunja karatasi zake akaniambia ngazini kwamba wiki mbili zikiisha anarudi karakana, atavaa miwani, na mimi nisimfundishe kazi.

Hapo ndipo ninapokuhitaji, mke wangu. Mimi ni mkwe. Nimeshamwita jina lake mbele ya watu, zaidi ya hapo sina uwezo. Kuna mtu mmoja tu duniani anayeweza kumwambia Bakari acha na akaacha, naye ni mama yake. Aliniambia nisimwambie, na kweli mimi sitamwambia. Wewe ndiye utakayemwambia. Keti naye, Saumu akiwa chuo cha Kurani, na usizunguke kama Chande. Usimwambie jembe, usimwambie udongo. Sema jicho. Mwache alie, akimaliza mpe simu aongee na mwanawe.

Nisalimie Bibi, na umwambie kwamba mwanawe anakula vizuri, hilo ni kweli. Msalimie mama yangu ukifika kwake Pongwe, na kaka yangu mkubwa ambaye najua atasema yeye angemwanzisha Bakari tangu mwanzo. Msalimie shangazi yako wa Ngamiani aliyenifundisha adabu za ukwe. Mwambie nimezivunja na nitajieleza. Mbusu Saumu penye pengo. Mkwe anakusalimu. Yuko hapa kwenye kiti cha wateja, amefunikwa kitambaa, ananisubiri nimnyoe. Nimekaa kushoto kwake, asione ninachoandika.

Mwanaidi, nyumba yetu ina adabu nyingi kupita kiasi. Siku ya kumi na moja hii unaninyamazia, na mimi nimeona jana kimya kinachoweza kufanya. Uliniambia nisikupigie. Sawa, sipigi. Nipigie wewe. Na kama una matusi, anza nayo.

Mumeo,
Athumani